Simu naifunga, babu ananifunga



Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Chumbageni, Tanga, na nafanya kazi kwenye duka la dawa. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama na babu mzaa mama. Babu ni mcheza bao tangu ujana wake na watu wa mtaani wanamwita fundi. Nilipokuwa mdogo alinianzisha kidogo, kisha nikaenda shule ya bweni tukaacha.

Miaka miwili iliyopita nilipakua programu ya bao kwenye simu. Sasa naifunga karibu kila mchezo, hata nikiiweka ngazi ya juu. Pia nacheza sataranji mtandaoni na watu nisiowajua, na mara moja moja na kaka yangu aliyeko Muscat. Mwezi uliopita nilimwomba babu tucheze. Alinifunga michezo yote, tena huku anazungumza na jirani na kunywa kahawa. Mmoja aliumaliza kete zikiwa bado mkononi. Halafu akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe huchezi, simu ndiyo inakuchezea." Maneno yale yameniuma mpaka leo.

Babu anataka nikae naye kila alasiri, lakini saa hizo wazee wenzake huwa wamekuja na bao linahamia barazani. Mama hataki kabisa. Anasema msichana kukaa barazani katikati ya wazee na kete mkononi ni kujitafutia maneno ya watu, na kama napenda michezo basi simu inanitosha: nacheza chumbani kwangu, hakuna anayeniona. Marafiki zangu nao wananicheka, wanasema bao ni la wazee.

Shangazi, nibaki na simu au nirudi kwenye bao la mti? Na mama nimwambieje?

Mjukuu wa Fundi, Tanga

*



Rudi kwa babu. Sataranji ya simu endelea nayo, kwa masharti nitakayokutajia, lakini programu ya bao iweke pembeni kwa miezi kadhaa. Na lile neno la babu usilichukue kama tusi. Kwa sentensi moja amekuonyesha mahali hasa ulipokwama.

Fikiria unachofanya ukicheza bao kwenye simu. Unagusa shimo. Simu inachota kete na kuzitia moja moja. Ikila, inazipeleka kichwani mwa safu na kuanza upya. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, inazichota na kuendelea, mpaka ilale kwenye shimo tupu. Muda wote huo wewe unatazama. Matokeo yakikupendeza, unaendelea, na yasipokupendeza, programu nyingi zinakuruhusu kurudi nyuma ujaribu shimo jingine. Kwa mwendo huo mtu anaweza kushinda mwaka mzima bila kuhesabu zamu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Kazi ngumu kuliko zote katika bao, yaani kujua kete ya mwisho italala wapi kabla mkono haujagusa shimo, umekuwa ukiiachia mashine.

Babu kazi hiyo hakuiachia mtu. Ndiyo maana anaweza kuongea na jirani: hesabu ameshaimaliza wakati wewe bado unachagua. Kwenye sataranji hatua ya kawaida huhamisha kipande kimoja tu, vingine vinabaki palepale ulipoviona. Bao haliko hivyo. Zamu moja inaweza kubadilisha idadi ya kete katika nusu ya mashimo yote 32, na ile picha uliyokuwa nayo kichwani haikufai tena. Kubeba mabadiliko hayo yote akilini ni uwezo mkubwa, na wasomi wameutambua. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar akichunguza namna wanavyofikiri, na mwaka 1995 tasnifu yake kuhusu umahiri wa bao ilitoka Chuo Kikuu cha Leiden. Aliyoyafuata Zanzibar wewe unayo sebuleni kwenu.

Kuna jambo jingine katika barua yako lililonifanya nisimame. Umesema mchezo mmoja babu aliumaliza kete zikiwa mkononi. Maana yake safu yako ya mbele ilibaki tupu kabla hamjaingia kwenye mtaji, yaani awamu ya pili, kete zote zikiwa ubaoni, na hilo humpata asiyejua kunamua, yaani ile awamu ya kwanza ya kuingiza kete. Sasa fungua ile programu utazame inavyoanza. Kama inaanza na kete mbili mbili katika kila shimo, basi hilo ni bao la kujifunzia, lile wanaloanzishwa watoto. Bao analocheza babu linaanza na kete 10 tu upande wa kila mchezaji: 6 ndani ya shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 zilizobaki zinakaa ghalani, na kila zamu unaingiza moja. Sehemu hiyo yote ya kunamua, lini ule, lini utakate bila kula, lini uilinde nyumba na lini uivunje usafiri nayo, huenda hujaigusa tangu utotoni. Inawezekana kabisa kwamba kwa miaka miwili umejizoeza nusu ya pili ya mchezo peke yake. Hapo hakuna cha kuonea aibu. Hukuonyeshwa, basi.

Halafu kuna mambo ambayo simu haina kabisa. Simu haikosei kutia kete. Binadamu anakosea, kwa haraka au kwa makusudi, na kwenye bao la mti mwamuzi ni wewe mwenyewe: jicho lako lifuate mkono wa mwenzako shimo kwa shimo, na ukiona amerusha moja useme hapo hapo kwa adabu. Simu haitambi. Wazee wanatamba, wanakutisha, wanakusifia hatua mbovu ili uirudie. Pita jioni pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar: wanaocheza ni wawili, waliosimama kuwazunguka ni wengi, na kila mmoja ana lake la kusema. Kufikiri vizuri katikati ya makelele hayo ni sehemu ya ufundi. Binti aliyezoea kucheza chumbani, mlango umefungwa, atatetemeka siku ya kwanza. Utetemeke, halafu ucheze.

Naja kwenye sataranji, na hapa naitetea simu yako kwa moyo wote. Bao lina mafundi mtaani kwenu. Sataranji je? Ungewapata wapi Tanga wapinzani wa kiwango chako, saa tatu usiku, baada ya kufunga duka? Tovuti ya Lichess ipo tangu 2010, ni ya bure, haina matangazo, na inakupangia mtu mnayekaribiana uwezo. Ukimaliza, inakuonyesha hatua uliyokosea. Hiyo ni neema, na atakayekuambia ni kupoteza muda hajui anachosema. Hata hivyo kumbuka kwamba Phiona Mutesi, mchezaji sataranji wa Uganda, yule ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu ya Queen of Katwe mwaka 2016, alianzia kwenye ubao wa kweli, kwa mwalimu wake Robert Katende, akiwa na watoto wenzake wa mtaa wa Katwe. Alikuwa na mtu wa kumsimamia na wenzake wa kubishana nao. Mtandao unakuza mchezaji aliyekwisha kupata msingi wa namna hiyo.

Masharti yangu ni haya. Punguza michezo ya dakika tatu, ambamo kidole kinatangulia akili. Cheza ya dakika kumi na tano au zaidi, na uwe na ubao wa kweli pembeni unaoupanga kila baada ya hatua chache, kwa sababu jicho lililozoea kioo bapa hupotea likiona vipande vilivyosimama. Jizoeze pia sheria ya mezani: ukigusa kipande chako, unakichezesha. Kwenye simu unaweza kugusa ukaghairi, kwenye mashindano huwezi. Na usiumie sana ukifungwa na mtu usiyemjua. Tangu mwaka 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov, kompyuta zimezidi kupaa, na leo programu ya bure ndani ya simu ina nguvu kuliko bingwa wa dunia. Wapo wanaocheza nawe huku wanaiuliza. Ubaoni, ana kwa ana, hilo ni gumu zaidi.

Mtandao ukikatika je? Unafahamu vizuri bando linavyoisha mchezo ukiwa umefika patamu. Yaliwapata wakubwa pia. Mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, Olimpiadi ya sataranji ilichezwa mtandaoni, na katika fainali wachezaji wa India walikatikiwa na mawasiliano. Mwishowe India na Urusi zikapewa dhahabu kwa pamoja.

Michezo na kaka yako usiiache hata kidogo. Muscat wanatutangulia saa moja tu, lakini zamu za kazi hazilingani, kwa hiyo chagueni ule mtindo wa kupeana siku kwa kila hatua. Siku mbili au tatu zinatosha. Atacheza akitoka kazini, utajibu kabla ya kulala, na mtakuwa na cha kusemeshana kila siku.

Sasa mama. Kwanza nikuambie ninavyoamini, bila kuzunguka: bao halina sheria inayomkataza mwanamke. Baraza ndilo lenye desturi yake. Katika miji mingi ya pwani yetu kibaraza cha nje alasiri kimekuwa cha wanaume, na mama yako ameishi katika desturi hiyo, anajua ulimi wa mtaa unavyomla binti. Usimdharau kwa hofu yake. Lakini hofu yake ni ya mahali na saa, bao lenyewe hajalikataa. Hapo pana nafasi ya kupita. Mwombe babu muda mwingine: asubuhi kabla hujaenda dukani, au baada ya Isha wazee wakishaondoka. Chezeni sebuleni, mlango wazi, mama akiwapo. Ukishapata nguvu kidogo, babu amkaribishe ndani mzee mmoja anayemheshimu, acheze nawe mbele yake. Wazee wakijua wewe unaweza, watakutafuta wao. Siku ya kukaa barazani, kama utaitaka, ataifungua babu kwa heshima yake, na mtaa utasema wiki mbili ukachoka.

Lipo swali ningependa umuulize mama, jioni moja mkiwa mnachambua mboga. Yeye ni binti wa fundi, amekulia nyumba moja na bao lile. Je, aliwahi kufundishwa? Inawezekana hakuna aliyemkalisha chini hata siku moja. Inawezekana alijua, akaambiwa aache. Lolote atakalojibu, msikilize bila kumkatiza, kisha mwombe akae nanyi. Ningefurahi sana kusikia mnacheza watatu kwa zamu.

Na mwambie kwa upole kwamba chumbani na simu hauko peke yako kama anavyodhani. Wageni wanaweza kukuandikia ujumbe. Kwenye mipangilio zuia ujumbe kutoka kwa usiowajua, usiweke picha yako, usitoe namba ya simu, na programu yoyote inayokudai uweke pesa ili ushindane, ifute.

Kuhusu mazoezi, nakupa moja tu, na lifanye kila siku. Panga kete upendavyo, chagua shimo, kisha sema kwa sauti: "Itaishia hapa." Ndipo uchote na kutia. Anza na zamu zinazolala upesi, kisha zile zinazozunguka mara mbili, kisha tatu. Mwanzoni utakosea sana. Babu akiwapo, mwombe naye aseme kwa sauti anachokiona kabla hajacheza. Mafundi wengi hawajawahi kuulizwa wanaonaje, na wakiulizwa wanaeleza kwa raha. Andika anayokuambia kwenye daftari, hasa kuhusu nyumba.

Marafiki zako waache waseme. Wazee ndio walioshika bao kwa sababu sisi wengine tuliliacha, na wewe una miaka 24, fundi nyumbani, na nafasi ambayo wanaopenda bao huko Ulaya wanailipia nauli. Programu unaweza kuipakua tena wakati wowote. Alasiri za babu zina idadi.

Mpe salamu zangu, na mwambie ombi la Shangazi kwake ni moja: asikuachie ushinde hata mchezo mmoja. Siku utakayomfunga kwa haki, niandikie.