Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Mgeni Akigoma, Tufanye Nini?



Kuna kikundi cha akina mama upande wa Runyenjes, Embu, ambacho mweka hazina wake alinijia karibu alie. Mikopo yao ya miaka minane iliwekwa kwenye programu ya zamani inayokubali Windows XP peke yake. Mashine yenyewe ilikufa, ingawa diski yake ilitolewa ikiwa nzima. Walipewa nyingine yenye Windows 11, na ile programu ikakataa kabisa kufunguka. Na wakati huo huo, mama mmoja alikuwa anadaiwa pesa ambazo yeye anasema alilipa. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Dawa ipo. Kuna programu ya bure iitwayo VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007. Hiyo hutengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Windows 11 inakuwa mwenyeji, na XP inakuwa mgeni anayepewa chumba. Lazima uwe na CD ya XP na namba yake ya kibali. Ukishaweka XP, unanakili ile programu na rekodi zake humo.

Lakini mgeni huyu ana shida zake. Hizi ndizo tulizokutana nazo.

1. Mgeni anakataa kuamka, na maandishi yanataja VT-x au AMD-V. Maana yake mwenyeji hajafungua mlango. Zima mashine, uiwashe, na papo hapo bonyeza F2, F10 au Delete, kulingana na aina ya mashine. Tafuta palipoandikwa Virtualization, washa, hifadhi, halafu utoke.

2. Mashine yote inakuwa nzito. Umempa mgeni chakula chote, mwenyeji analala njaa. Kama mashine ina RAM ya gigabaiti 4, XP itatosheka na megabaiti 512. Ukipanga, usivuke ile sehemu ya rangi ya kijani.

3. Chini ya dirisha unaona kobe wa kijani. Usicheke, ni alama ya kweli! Inaonyesha kwamba Hyper-V ya Windows imeshika njia, kwa hiyo mgeni anatembea polepole. Kazi bado inaweza kufanyika. Kama inachelewa mno, mwombe fundi aizime.

4. Mgeni anasimama ghafla katikati ya kazi. Angalia diski ya mwenyeji, pengine imejaa. Ondoa video na picha zisizo na maana, kisha umwambie aendelee. Lakini faili inayoishia na vdi usiiguse kamwe! Hiyo ndiyo diski ya mgeni, na vitabu vyenu vyote vimo ndani.

5. Stima ilipotea, na sasa mgeni hafunguki. Kwanza nakili ile faili ya vdi kwenye diski nyingine. Ikiwa mgeni alikuwa amelazwa kwa kuhifadhi hali yake, bonyeza Discard, halafu umwashe upya. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, lakini diski inabaki.

Jambo moja zaidi: mgeni huyu asiingie kwenye intaneti. Microsoft iliacha kutoa kinga za kawaida za XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo ni nyumba isiyo na kufuli. Kwenye mipangilio yake, ondoa alama ya mtandao.

Tulipofungua vitabu vya wale akina mama, kumbe yule mama alikuwa amelipa yote. Malipo ya mwezi mmoja yaliandikwa kwenye ukurasa wa mwenzake. Waliombana msamaha, na wiki hiyo hiyo wakapiga chapa kila ukurasa. Maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: huyu XP jembe lake ni kutoa rekodi zenu zote, mzihamishie kwenye programu ya sasa. Si wa kukaa naye milele.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

– Vitabu vyetu viko wapi, na nakala ya pili inakaa kwa nani?
– Mashine ikifa leo, tutajuaje nani amelipa?
– Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kufungua rekodi, mbali na katibu?