Kutoka Maneno hadi Mlinganyo: Kusoma Swali la Hisabati kama Dondoo

Huenda unashangaa hisabati inatafuta nini ndani ya mwongozo wa fasihi. Nitakueleza. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne, hodari wa maswali ya dondoo, aliniletea karatasi yake ya mtihani wa mwigo wa hisabati. Maswali yenye tarakimu tupu alikuwa ameyafanya vizuri. Matatu yaliyoandikwa kwa maneno hakuyagusa hata kwa kalamu ya risasi. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu, "Mwalimu, hayo nikiyaona tu najua si yangu."

Yalikuwa yake kabisa. Mtu anayeweza kutambua msemaji na msemewa katika mistari mitatu ya tamthilia ana kila anachohitaji ili kuunda mlinganyo. Na hisabati ni somo la lazima. Alama anazozikimbia huko zitamfuata hadi kwenye gredi ya jumla.

Kumbuka unavyojibu swali la muktadha. Huanzi kuandika kabla ya kujiuliza: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Swali la maneno katika hisabati nalo lina maswali yake, nayo ni mawili tu. Ni kiasi gani ambacho hakijulikani? Na ni vitu gani viwili ambavyo swali linasema ni sawa? Soma swali zima mara moja bila kuandika chochote, kisha ulisome tena ukiyatafuta majibu hayo.

Tuanze na mfano.

Bei ya daftari moja inazidi bei ya kalamu moja kwa shilingi 35. Mteja alinunua kalamu tatu na madaftari mawili kwa jumla ya shilingi 195. Tafuta bei ya daftari moja. (alama 3)

Hatujui bei mbili. Lakini sentensi ya kwanza inatuambia kwamba tukiijua moja, tumeijua na ya pili. Tuseme bei ya kalamu moja ni shilingi k. Basi bei ya daftari ni k + 35. Zingatia kwamba bado hatujapata mlinganyo. Sentensi ya kwanza imetupa jina la kitu cha pili, basi. Mlinganyo uko katika sentensi ya pili, palipoandikwa "kwa jumla ya". Upande mmoja kuna gharama ya vitu vyote, upande wa pili kuna 195:

3k + 2(k + 35) = 195
3k + 2k + 70 = 195
5k = 125
k = 25

Wengi huishia hapa na kuandika 25 kwa furaha. Swali limeuliza bei ya daftari. Jibu ni 25 + 35 = shilingi 60. Hakikisha kwa kurudi kwenye maneno ya swali, wala si kwenye mlinganyo wako, kwa sababu mlinganyo wenyewe unaweza kuwa na kosa: kalamu tatu ni shilingi 75, madaftari mawili ni shilingi 120, jumla 195. Sawa.

Tanbihi: k si kalamu. k ni nambari, bei ya kalamu kwa shilingi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo chanzo cha kosa lililowanasa hata wasomi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi moja: katika chuo hiki wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Wakatakiwa kuiandika kama mlinganyo. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waligeuza pande. Hao walikuwa wahandisi wa kesho.

Tuilete sentensi hiyo nyumbani. Katika shule fulani, kwa kila mwalimu kuna wanafunzi 40. Idadi ya wanafunzi ni w, ya walimu ni m. Mkono unavutwa kuandika 40w = m, kwa sababu maneno "wanafunzi 40" yanakaa pamoja na jicho linayanakili yalivyo. Sasa jaribu kwa nambari. Shule ikiwa na walimu 10, ina wanafunzi 400. Weka w = 400 katika 40w = m: unapata walimu 16,000. Shule gani hiyo? Mlinganyo sahihi ni w = 40m. Kilicho kidogo ndicho kinachozidishwa ili kilingane na kilicho kikubwa. Ukiwa na shaka yoyote, weka nambari mbili unazozifahamu kabla ya kuendelea. Hutumii hata nusu dakika.

Nikumegee kitu kidogo cha historia. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, aliandika milinganyo yake yote kwa maneno matupu. Hakuwa na x wala alama ya usawa. Alama hiyo (=) ilianza kutumiwa na Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati kutoka Wales, mwaka wa 1557, alipochoka kurudia maneno "ni sawa na". Kwa hiyo unapotoka kwenye sentensi kwenda kwenye mlinganyo, unapita njia ambayo aljebra yenyewe iliipita.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo haitumii. Linganisha:

(i) Gharama ya vitabu sita, vikiongezwa viwili.
(ii) Gharama ya vitabu sita, ikiongezwa mbili.

Bei ya kitabu kimoja ikiwa b, sentensi ya kwanza ni 8b na ya pili ni 6b + 2. Kilichozitenganisha ni upatanisho wa kisarufi. "Vikiongezwa" ni vitabu. "Ikiongezwa" ni gharama, na mbili hizo ni shilingi. Yule anayedhani ngeli ni za karatasi ya Kiswahili pekee angepoteza alama hapa.

Lakini ngeli haziokoi kila mara. "Mara mbili ya nambari iliyoongezwa tatu" ni 2(x + 3): nambari iliongezwa kwanza, kisha ikazidishwa. "Mara mbili ya nambari, kisha ukaongeza tatu" ni 2x + 3. Kama x ni 10, ya kwanza ni 26 na ya pili ni 23. Tafuta kitendo kilichotangulia. Kama ni kujumlisha au kutoa, na baadaye kuna kuzidisha, mabano yanahitajika. Jihadhari pia na "inazidi kwa 3" (unajumlisha) na "ni mara 3 ya" (unazidisha). Kuna watu husema "mara tatu zaidi ya". Mimi siyapendi maneno hayo, kwa sababu wasomaji wawili wanaweza kuyaelewa kwa njia mbili. Usiyatumie unapoandika maelezo yako.

Katika mtihani swali litakuja kwa Kiingereza. Lisome, kisha ulisimulie kimoyomoyo kwa Kiswahili kama unayemweleza mdogo wako. Kiingereza kinapotaka kusema kwamba nambari fulani ni pungufu ya x kwa 5, mara nyingi hutanguliza 5 na kumalizia na x. Anayefuata mpangilio wa maneno huandika 5 − x. Anayefuata maana huandika x − 5.

Maswali ya umri yanahitaji nafasi yake, kwa kuwa yanachezea njeo. Kiambishi -ta- kinakuambia uongeze miaka, -li- kinakuambia uondoe, na kila mhusika anaongezewa au kuondolewa.

Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe. Tafuta umri wa mwana sasa. (alama 3)

Tuseme mwana ana miaka x sasa. Baba ana 3x. Yule mwanafunzi wangu, aliporudi kulijaribu, aliandika:

3x + 12 = 2x + 12

Kisha akapata x = 0, akanyamaza. Nikamwuliza jibu lake lina maana gani. "Mtoto amezaliwa leo," akasema. Na baba? Akacheka, maana mara tatu ya sifuri ni sifuri: baba naye amezaliwa leo. Alikuwa amemwongeza baba miaka 12, lakini kwa mwana aliiongeza baada ya kuzidisha. Mwana naye anakua kwanza, kisha umri wake mpya ndio unaozidishwa kwa 2:

3x + 12 = 2(x + 12)
3x + 12 = 2x + 24
x = 12

Leo mwana ana miaka 12 na baba 36. Baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48. Hapo swali limetimia.

Angalizo la mwisho kuhusu alama: msahihishaji hutoa alama za hatua, si za jibu pekee. Hata ukikosea hesabu baadaye, mlinganyo sahihi ulioonekana kwenye karatasi una alama yake. Ukurasa mtupu hauna.

Zoezi

Unda mlinganyo kwa kila swali kabla ya kutafuta jibu.

(a) Nambari fulani ikizidishwa kwa 4, kisha ikaondolewa 7, matokeo ni sawa na mara tatu ya nambari hiyo, kisha ukaongeza 5. Tafuta nambari hiyo. (alama 2)

(b) Zizini kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 30, miguu ni 84. Mbuzi ni wangapi? (alama 3)

(c) Urefu wa shamba la mstatili ni pungufu ya mara mbili ya upana wake kwa mita 6. Seng'enge inayolizunguka shamba zima mara moja ina urefu wa mita 168. Tafuta upana na urefu. (alama 4)

(d) Miaka 5 iliyopita, umri wa shangazi ulikuwa mara nne ya umri wa mpwa wake. Leo jumla ya umri wao ni miaka 50. Kila mmoja ana miaka mingapi leo? (alama 4)

Majibu

(a) 4x − 7 = 3x + 5; x = 12.

(b) Mbuzi wakiwa m, kuku ni 30 − m. 4m + 2(30 − m) = 84; m = 12.

(c) Upana ukiwa u, urefu ni 2u − 6. 2(u + 2u − 6) = 168; upana mita 30, urefu mita 54.

(d) Ni rahisi zaidi x ikiwa umri wa mpwa miaka 5 iliyopita. Leo mpwa ana x + 5 na shangazi 4x + 5. Kwa hiyo 5x + 10 = 50, na x = 8. Mpwa ana miaka 13, shangazi 37. Aliyejibu kwamba mpwa ana miaka 8 amesahau kurudi kwenye leo.