Kupishana na Kukwepana: Vitenzi vya Ngazi za Nishati

Nishati ya elektroni iliyofungwa mahali padogo haiongezeki kidogo kidogo, bali kwa hatua. Hatua hizo tuziiteje kwa Kiswahili? «Kiwango» hutaja kiasi chochote, hata kinachopanda polepole. «Daraja» huleta picha ya kuvuka mto. Napendekeza «ngazi»: anayepanda hukanyaga kipago hiki au kile, hakanyagi hewa iliyo katikati.

Hata hivyo, ngazi hizi husogea. Elektroni ikiwa ndani ya sanduku, ukipunguza upana wa sanduku kwa nusu, kila ngazi hupanda mara 4. Upana huo ndio parameta: kitu tunachokibadilisha sisi, nazo ngazi hufuata.

Ugumu wa lugha huanza ngazi mbili zinapokaribiana. Tufikirie reli ya njia moja ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa kuzunguka maporomoko ya Boyoma. Treni mbili zinazoelekeana hupishana pale tu kila moja inapopata njia yake. Ngazi nazo ni hivyo. Zikiwa na ulinganifu tofauti, hazina mwingiliano, basi zinapishana. Zikiwa na ulinganifu uleule, zinakwepana. Mwaka 1929, von Neumann na Wigner walionyesha kwamba, kwa kawaida, kubadilisha parameta moja tu hakutoshi kuzikutanisha.

Tuhesabu. Bila mwingiliano, ngazi mbili zingekutana kwenye 4. Tuweke mwingiliano wa 1: papo hapo tunapata 4 − 1 na 4 + 1, yaani 3 na 5. Pengo la 2 limebaki, nalo ndilo dogo kuliko yote. Baada ya hapo ngazi zinaachana tena, lakini zimebadilishana tabia: ya chini sasa inafanana na ile iliyotoka juu.

Kupishana, kukwepana, kubadilishana: kiambishi -an- cha kutendana kinabeba fizikia yote hii, kwa sababu hakuna ngazi inayokwepa peke yake. Tukiandika «zinakutana» kwa hali zote, mwanafunzi wa Ubundu atafundishwa jambo lisilo kweli, na lawama itakuwa ya kitenzi, si ya hesabu.

Zoezi: mwingiliano ukiwa 2, pengo dogo kabisa ni ngapi? Eleza jibu lako kwa sentensi moja yenye kitenzi cha kutendana.