Jinsi Chande alivyojifunza kuziba pancha

Mchezo wangu una chumba kimoja tu, kibanda cha fundi baiskeli. Picha hakuna. Mchezaji anaandika "fungua tairi" au "paka solusheni", kompyuta inamjibu kwa sentensi. Kando ya beseni la maji amechuchumaa Chande, mwanagenzi, ambaye hafundishwi kwa maneno. Anatazama, kisha anafanya, kama wanavyojifunza wanagenzi wote niliowahi kuwaona.

Nimeuandika kwa Python. Ukitumia Inform 7 utapata urahisi zaidi, kwa sababu lugha ile inakuruhusu kuhifadhi kitendo kizima na kukirudia baadaye.

Mwanzoni nilimfanya Chande anakili kila amri ya mchezaji. Nikajaribu kuchukua spana ambayo haikuwemo kibandani. Mimi nikakataliwa, ila Chande akaibeba ile amri na kuirudia kila zamu, anatafuta spana hewani. Siku hizi anarekodi baada tu ya kitendo kufaulu, na anachohifadhi ni vipande vitatu: kitendo, kitu na kifaa. Yaani sugua, tyubu, msasa.

Ilipoletwa baiskeli ya pili, Chande akaitafuta tyubu ya ile ya kwanza, na mwenyewe keshaondoka nayo zamani. Basi rekodi ishike aina ya kitu, si kitu chenyewe. Aina ipi, hapo ndipo penye utamu. Nilipoandika "kitu cha mpira", Chande alibandika kiraka kwenye kandambili za mteja. Nilicheka peke yangu usiku ule, na sikulifuta kosa lile. Nimelipunguza tu, litokee mara moja katika kumi. Mhusika anayeiga bila kukosea ni fotokopi.

Katika kuripoti, Kiswahili kinakubeba. "Unasugua tyubu" inakuwa "anasugua tyubu" kwa kubadili kiambishi kimoja. Lakini ukipenda kuweka kiambishi cha kitu, jihadhari: sentensi yangu ya tairi, "unalibana", ilipohamia kwenye kiraka ikatoa "analibana kiraka". Kila kitu kiandikiwe upatanisho wake tangu mwanzo: tairi *li*, tyubu *i*, kiraka *ki*, mkasi *u*.

Halafu mjulishe mchezaji kwamba anatazamwa. Katika Black & White, mchezo wa mwaka 2001, yupo mnyama anayejifunza kwa kumtazama mchezaji, na unamwona pale kwenye skrini. Sisi wa maandishi tusiposema, mhusika hayupo. Kila Chande anaporekodi, naandika jambo dogo: ameinua shingo, ameacha kutafuna muwa. Akiwa ametumwa maji, harekodi kitu.

Sasa kilichonisumbua wiki nzima. Solusheni inataka zamu tatu ikauke kidogo ndipo ubandike kiraka. Mimi nilipaka, nikaandika "subiri" mara tatu, nikabandika, kikashika. Chande akapaka, akabandika hapo hapo, kikabanduka. Nikakagua msimbo mstari kwa mstari. Kumbe "subiri" haina kitu wala kifaa, kwa hiyo haikuwa na vipande vya kurekodi. Chande aliniona nimekaa tu.

Ningeweza kuongeza mstari mmoja ili kusubiri nako kurekodiwe. Nilijaribu, akawa anaiga hata uvivu wangu: nikienda kupika chai, nikirudi nikaandika "subiri" ili nisome ukurasa vizuri, naye anasubiri, tyubu mkononi. Nikaufuta mstari ule. Nikaamua hilo liwe fumbo la mchezo: mchezaji atafute namna ya kumwonyesha Chande kitu kisichoonekana.

Nilimpa mpwa wangu aucheze bila kumdokeza. Kiraka cha Chande kilibanduka mara mbili, akaguna. Mara ya tatu alipaka solusheni yeye mwenyewe, kisha akaandika "gusa solusheni". Bado mbichi. Akagusa tena, mbichi. Mara ya tatu ikamjibu kwamba hainati tena kidoleni, akabandika. Chande alikuwa ameacha kutafuna muwa.

Mteja mwingine alipoingia, mpwa wangu aliondoa mikono kwenye kibodi. Chande akapaka. Akagusa. Akagusa. Akagusa, ndipo akanyoosha mkono kuchukua kiraka.