Usonji kwa Mtu Mzima: Maswali Kabla ya Kwenda Kufanyiwa Tathmini

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huanza nayo utotoni na kuishi nayo maisha yake yote. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya wala chanjo, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi. Wataalamu huutambua kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na watu. La pili ni mienendo inayojirudia: kushikilia ratiba, kuzama katika jambo moja, au kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali, au kwa ufifi, kuliko watu wengine. Mwenye moja tu kati ya haya mawili hahesabiwi kuwa na usonji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii.

Inawezekanaje mtu afikishe miaka 40 bila kujulikana?

Ni jambo la kawaida, na lina historia yake. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na baadhi yao hawakusema kabisa. Kwa miongo kadhaa baadaye, usonji ulidhaniwa kuwa ni hali ya mtoto asiyesema. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto waliosema vizuri lakini hawakuelewana na wenzao. Maandishi yake yalikuwa ya Kijerumani na hayakusomwa sana nje, hadi Lorna Wing wa Uingereza alipoyaleta mbele ya madaktari mwaka 1981. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliunganisha aina zote chini ya jina moja, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 ikafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanga au Kisumu miaka ya 1980, akafaulu mitihani na kukaa peke yake wakati wa mapumziko, aliitwa mpole, mkaidi au mwenye kiburi, basi. Hakukuwa na sababu ya kumpeleka kwa daktari. Wengi wa kizazi hicho huanza kujiuliza siku mtoto wao anapothibitishwa kuwa na usonji, kwa kuwa maswali anayoulizwa mzazi kuhusu mtoto humgusa yeye mwenyewe.

Wanawake wameachwa nyuma zaidi. Msichana hufundishwa mapema kutabasamu, kuitikia na kuhudumia wageni, naye hujifunza kuiga wenzake neno kwa neno na ishara kwa ishara. Kwa nje haonekani kuwa na tatizo. Gharama yake huonekana nyumbani, anapofunga mlango na kushindwa kusema na mtu yeyote hadi kesho yake. Kujificha kwa namna hii kwa miaka mingi huambatana na wasiwasi, sonona na uchovu mkubwa, na wengi hutibiwa hayo mara kwa mara bila kuulizwa kilicho chini yake.

Dalili huonekanaje katika maisha ya kila siku?

Salamu ni mfano mzuri. Katika Kiswahili mtu huulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za tangu juzi, na kila moja hujibiwa nzuri hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Mtu mwenye usonji anaweza kusita katikati ya mlolongo huo akitafuta jibu la kweli, au kuuruka wote na kwenda moja kwa moja kwenye shida iliyomleta, kisha akaambiwa hana adabu. Mwenyeji akisema karibu chakula kwa heshima tu, yeye huketi akala. Mafumbo na vijembe vinaweza kumpita kabisa, hata kama msamiati wake ni mpana kuliko wa waliomzunguka.

Kisha kuna hisi. Muziki wa daladala, honi, jasho na mtu anayemgusa bega kwa wakati mmoja vinaweza kummaliza nguvu za siku nzima kabla hajafika kazini. Lebo ya shati shingoni humchoma kama upupu. Kuna pia ratiba: kikao kikisogezwa kwa saa moja bila taarifa, mwenzake hukasirika kidogo na kusahau, ilhali yeye hushindwa kufanya chochote mchana kutwa. Na kuna mapenzi ya jambo moja, liwe ratiba za treni, nasaba za ukoo au injini za boti, analolijua kwa undani unaostahili heshima.

Watu wote huchoshwa na kelele na wote hupenda mazoea kiasi fulani. Mtaalamu hutafuta mambo haya yakiwa mengi kwa pamoja, yakiwa yameanza utotoni, na yakimkwamisha mtu kazini, nyumbani au katika urafiki.

Hojaji za kwenye intaneti zinaaminika kiasi gani?

Zinafaa kuanzia, hazifai kuhukumia. Inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge. Ina maswali 50, na alama 32 au zaidi huashiria kwamba tathmini kamili inafaa. Katika utafiti wao, watu 8 kati ya 10 wenye usonji walifikia alama hizo, wakilinganishwa na 2 tu kati ya 100 wa kundi la kawaida. Maana yake ni kwamba hata pale ilipotungwa, hojaji hiyo iliwakosa wengine.

Ikisafiri, hukosa zaidi. Swali moja humtaka mtu achague kati ya kwenda kutazama tamthilia na kwenda makumbusho. Mtu aliyekulia Newala bila jumba la tamthilia wala makumbusho hana cha kuchagua, na alama anayopata hapo haina maana. Alama ndogo, basi, isimzuie mtu mwenye sababu nzito za kujiuliza.

Tathmini yenyewe hufanywaje?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba huzungumza na mhusika kwa muda mrefu, pengine kwa vikao kadhaa, kuhusu utoto, shule, kazi, urafiki na ndoa. Inapowezekana huzungumza pia na mama, shangazi au kaka mkubwa anayekumbuka lini mtoto alianza kusema, alicheza vipi na alilia kwa nini. Baadhi ya vituo huongeza kikao cha kumwangalia mhusika akifanya kazi ndogondogo, kwa mfano kusimulia hadithi kutoka kitabu cha picha kisicho na maneno, huku mtaalamu akifuatilia macho, ishara za mikono na mtiririko wa mazungumzo.

Hapo kwenye macho panahitaji uangalifu mkubwa. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, kutomkazia macho mkubwa ni adabu. Mtaalamu asiyelijua hilo, hasa wa ughaibuni, anaweza kuiona adabu kuwa dalili, au kinyume chake, akaihesabu dalili ya kweli kuwa ni mila. Ndugu anayejua jinsi mhusika anavyowatazama wa rika lake ana neno muhimu la kusema.

Mtaalamu mzuri huchunguza pia hali zinazofanana na usonji au zinazoandamana nao: wasiwasi wa kukutana na watu, majeraha ya kisaikolojia ya utotoni, upungufu wa kusikia, na tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia. Hilo la mwisho mara nyingi huwa pamoja na usonji kwa mtu yuleyule.

Mtu aanzie wapi, na ajiandae vipi?

Huduma nyingi za usonji Afrika Mashariki zimejengwa kwa ajili ya watoto, hivyo mtu mzima huhitaji subira. Mahali pa kuanzia ni idara za afya ya akili za hospitali kubwa, kama Muhimbili Dar es Salaam, au hospitali za magonjwa ya akili, kama Mathari Nairobi na Butabika Kampala. Kabla ya kuweka miadi aulize waziwazi kama yupo anayewapima watu wazima. Anayeishi Uingereza huomba rufaa kwa daktari wake wa familia. Miongozo ya huko inataka tathmini ianze ndani ya miezi 3, lakini wengi hungoja zaidi ya hapo, na asiyekimudu Kiingereza ana haki ya mkalimani.

Maandalizi yenye manufaa zaidi ni karatasi. Mhusika aandike matukio badala ya sifa. "Sipendi mabadiliko" haimsaidii mtaalamu, ila habari ya siku aliyoondoka harusini kwa sababu ya spika, na alichofanya baada ya hapo, humsaidia. Ripoti za shule zenye maoni ya walimu ni hazina.

Je, jibu hubadilisha nini?

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayeahidi kuuponya kwa dawa au kwa maombi asilipwe. Wasiwasi, sonona na kukosa usingizi vinatibika, na hutibiwa vizuri zaidi daktari akijua ana mgonjwa wa namna gani. Kazini mtu anaweza kuomba maelekezo kwa maandishi, meza mbali na mlango au ruhusa ya kuvaa vizuia sauti. Nchini Kenya, anayesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato.

Kuna watu ambao bado huhusisha usonji na laana au mashetani, kwa hiyo kuamua nani aambiwe ni haki ya mhusika peke yake. Hata mwajiri halazimiki kujua.

Jibu likiwa hapana, mhusika aombe ripoti ya maandishi inayoeleza ni nini basi kinachomsumbua na matibabu yake. Ikiwa mtaalamu hakuuliza lolote kuhusu utoto, ni halali kutafuta maoni ya mwingine.