Mafua katika Ayurveda: Mtazamo na Tatizo la Istilahi

Mwanafunzi wa Kenya anayesema "nina homa" aghalabu hamaanishi kwamba mwili wake una joto kali, bali kwamba pua imeziba na kamasi zinamtoka. Msikilizaji wa Tanzania hufikiria joto la mwili, pengine hata malaria. Tofauti hii, ambayo katika mazungumzo huzua kicheko tu, huwa kikwazo halisi pale inapokusudiwa kueleza kwa Kiswahili tiba ya kale ya Bara Hindi iitwayo Ayurveda. Katika tiba hiyo mafua huitwa pratishyaya na homa huitwa jwara. Nayo ni maradhi mawili mbalimbali. Makala haya, kwa sababu hiyo, yanashikilia neno mafua.

Maelezo ya msingi yamo katika Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vitabu vya Kisanskriti vyenye umri wa takriban miaka elfu mbili. Cha kwanza kinataja aina nne za mafua. Cha pili kinataja tano, kwa kuongeza yale yanayohusishwa na damu. Uainishaji huo umejengwa juu ya dosha tatu. Vata ni mwendo na ukavu. Pitta ni joto na uyeyushaji. Kapha ni uzito, ubaridi, unyevu na mshikamano. Ingawa mzizi wa neno dosha una maana ya kuharibika, dosha zenyewe si ugonjwa. Zikiwa katika kadiri yake, ndizo zinazouendesha mwili.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno kapha. Wapo wanaolitafsiri kuwa kohozi au kamasi, na msomaji akadhani kuwa Wahindi wa kale waliamini kwamba kamasi husababisha kamasi. La hasha! Kapha ndiyo inayolainisha maungo na kuupa mwili uthabiti. Kamasi ni dalili tu ya kuzidi kwake. Kiswahili kina neno belghamu, lililotoka Kiyunani kwa njia ya Kiarabu, ambalo katika tiba ya Wayunani lilikuwa jina la kimojawapo cha vimiminiko vinne vya mwili. Athari za tiba hiyo zingalipo katika maneno kama safura na baridi yabisi, ambamo ubaridi na ukavu si hali ya hewa bali sifa za ugonjwa. Belghamu inakaribiana na kapha, lakini mifumo hailingani: Ayurveda ina dosha tatu, na vata si kimiminiko hata kidogo. Ni afadhali kulitumia neno kapha lenyewe na kulifafanua.

Kwa mujibu wa Charaka Samhita, mafua huletwa na mambo mengi: vumbi, moshi, umande, maji baridi, mabadiliko ya majira, kukesha, hasira, kusema kupita kiasi, chakula kisichosagika tumboni na hata kujizuia haja za mwili. Orodha hii yaonyesha kuwa pua si chanzo. Ni mahali tu ambapo mvurugiko wa mwili mzima hujidhihirisha. Aidha, mafua yana ubichi na kuiva. Hapa Kiswahili hakina shida, kwani jipu nalo huiva. Yangali mabichi, makamasi huwa mepesi na kichwa kizito. Mgonjwa hupunguziwa chakula, hufukizwa, hupewa maji ya moto, tangawizi na pilipili. Yakiisha kuiva, makamasi huwa mazito, na dawa za puani huweza kufuata. Yakipuuzwa, huharibika na kumpotezea mgonjwa uwezo wa kunusa.

Sayansi ya leo inaeleza chanzo kingine: virusi vya aina zaidi ya 200, hasa rinovirusi, ambavyo waandishi wa kale hawakuwa na njia ya kuviona. Mafua mengi hupona yenyewe katika muda wa siku saba hadi kumi, na kwa hiyo mtu aliyeanza kunywa tangawizi siku ya nne huwa na kila sababu ya kuisifu. Kinywaji cha moto huweza kuleta nafuu ya koo, lakini hakiui virusi. Antibayotiki nazo haziviui, ingawa wengi huziulizia dukani.

Uteuzi wa istilahi, basi, si mapambo. Mtafsiri akiandika kuwa "homa" hutibiwa kwa kupunguza chakula na kunywa tangawizi, msomaji wa Nairobi huenda akamwelewa vyema. Msomaji wa Tanga, mwenye mtoto anayechemka mwili, huenda akamnyima chakula na kumnywesha tangawizi siku ileile aliyopaswa kumpeleka kupimwa malaria.