Dhahabu Bila Msiba: Usalama, Mazingira na Sheria kwa Wachimbaji Wadogo wa Chunya

Kijitabu hiki ni cha nani

Dhahabu ya Lupa, hapa Chunya, iligunduliwa mwaka 1922. Hadi leo, familia nyingi za Makongolosi, Matundasi, Itumbi na Sangambi zinasomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha itokanayo na machimbo. Tangu mwaka 2019 Chunya ina soko lake la madini, ambako mchimbaji mdogo anauza kwa bei inayojulikana.

Kijitabu hiki ni cha mwenye leseni, mwenye duara, mwenye karasha na mwenye mtambo wa kuchenjua marudio. Ninyi ndio mnaoamua nani ashuke shimoni, donge lichomwe wapi na maji machafu yaelekee wapi. Wengi wenu huyaona masharti ya sheria kama mzigo wa makaratasi na ada. Tunawaomba muyasome upya, kwa sababu nyuma ya kila sharti kuna vifo na magonjwa yaliyokwisha kutokea machimboni.

1. Zebaki

Zebaki hushika chembe za dhahabu na kufanya donge. Takribani nusu ya donge hilo ni zebaki. Ukilichoma wazi, karibu nusu hiyo yote inageuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mchomaji anauvuta, mama aliyekaa jirani na mtoto mgongoni anauvuta, na unaobaki unatua juu ya paa, kwenye bustani na kwenye maji ya kunywa.

Sumu hii hushambulia ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Mara nyingi watu hudhani ni pombe, uchovu au kurogwa. Mama mjamzito akiivuta au kuila, humfikia mtoto tumboni.

Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulithibitishwa miongoni mwa watu waliokula samaki wa hapo. Hapa kwetu, maji ya Mto Lupa huishia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. Zebaki inayoingia humo haina pa kwenda.

Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unataka mambo manne yakomeshwe machimboni:

- kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuyachambua;
- kuchoma donge hadharani, mvuke ukienda hewani;
- kuchoma donge kwenye makazi ya watu;
- kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Osha mchanga kwanza ili dhahabu nzito ibaki kwenye kiasi kidogo. Ukitumia zebaki, iweke kwenye kiasi hicho tu.
- Choma kwa kigida, yaani chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa maji. Kikitumika vizuri hunasa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, nawe unaitumia tena badala ya kununua nyingine. Usikifungue kabla hakijapoa.
- Usichanganye kwa mikono mitupu. Usichomee jikoni wala chumbani. Usirudi nyumbani na nguo za kazi.
- Hifadhi zebaki kwenye chombo imara chenye kifuniko na alama ya sumu. Usiiweke kwenye chupa ya soda, mtoto wako asije akaidhania kinywaji.

Njia ya kuachana na zebaki kabisa ipo karibu. Pale Itumbi, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu bila zebaki. Nendeni mkajionee.

2. Ndani ya duara

*Matimba.* Yakaguliwe kila siku kabla ya mtu yeyote kushuka, na yakaguliwe tena baada ya kila mvua. Msimu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, udongo hulegea. Chimba mifereji ya kuzuia maji kuingia mdomoni mwa shimo. Ukuta ukianza kutoa maji au kupasuka, watu wapande na duara lifungwe.

*Hewa.* Pampu ya petroli haishushwi shimoni kamwe. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua kwa dakika chache. Mtu akianguka ndani, asifuatwe kwa pupa, kwa maana mara nyingi mwokoaji ndiye anayekuwa maiti ya pili. Pulizeni hewa safi kwanza, na anayeshuka afungwe kamba.

*Baruti.* Alipue mwenye cheti tu. Hakuna kurudi shimoni kabla moshi haujaisha.

*Majina.* Andika kila anayeshuka na kila anayepanda. Shimo likititia, hilo daftari ndilo litakalowaambia waokoaji watafute watu wangapi.

*Watoto.* Sheria inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 mgodini. Kubeba viroba na kuosha mchanga wenye zebaki ni kazi ya mgodini pia.

3. Vumbi la karasha

Mawe ya dhahabu yana silika. Vumbi lake laini hukaa ndani ya mapafu na kuyakakamaza, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Aliyeupata huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Lowanisha mawe kabla ya kusaga, weka karasha mbali na wanapokula na kulala watu, na toa barakoa maalumu za vumbi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo.

4. Sayanaidi

Mabwawa ya maji ya sayanaidi yawe na sakafu isiyovuja na uzio unaozuia watoto na ng'ombe. Chokaa isikosekane, kwa kuwa maji ya sayanaidi yakiwa na asidi hutoa gesi inayoua. Makopo matupu yasiuzwe wala kugawiwa kwa kuchotea maji.

5. Nyaraka zako

- Tume ya Madini: leseni ndogo ya uchimbaji, isiyozidi hekta 10, kwa miaka 7, pamoja na mpango wa kutunza mazingira.
- Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA (Sheria Na. 5 ya 2003): sajili eneo la kazi, pokea wakaguzi, na pima afya za wafanyakazi wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka.
- Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC (Sheria Na. 20 ya 2004): cheti cha mazingira kabla ya kujenga mtambo. Shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mto haziruhusiwi ndani ya mita 60.
- Mkemia Mkuu wa Serikali (Sheria Na. 3 ya 2003): usajili na vibali vya kemikali.
- Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa: kibali cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka.
- Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF: mchango wa fidia hulipwa na mwajiri, wala haukatwi kwenye malipo ya mfanyakazi.

OSHA, NEMC na Mkemia Mkuu wana ofisi za kanda jijini Mbeya. Nenda ukaulize kabla hujaanza kazi, usingoje kufungiwa.

6. Ajali ikitokea

Okoa, simamisha kazi, toa taarifa. Kuificha ajali kunamnyima majeruhi au mjane wake fidia, kwa kuwa madai ya WCF yana ukomo wa muda. Kulipana kwa mgao badala ya mshahara hakumwondolei mwenye duara wajibu wa kuwalinda watu anaowashusha.

Wito wetu

Kesho asubuhi, kabla mtu wa kwanza hajashuka, kagua matimba, fungua daftari la majina na uliza donge la jana lilichomwa wapi. Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo, simamisha kazi mpaka ulipate. Dhahabu ya Lupa imesubiri chini ya ardhi miaka yote. Inaweza kusubiri siku moja zaidi. Uhai wa mtu hausubiri.